Mdomo Uliofunguka Zaidi

Karakanani walimwita Vidole. Mbele yake walimwita Daktari, na katika miezi ya mwisho yeye mwenyewe alipenda zaidi kuitwa Mheshimiwa, kana kwamba kura zilikwisha kuhesabiwa huko ndotoni mwake. Jina la Vidole alilipata kwa haki. Alikuwa mtafiti wa roboti chuoni, na alikuwa mshairi, na kila ushairi ulipompanda alihesabu mizani kwa kugonga vidole juu ya meza: mara nane, kituo, mara nane tena. Alihesabu kwenye vikao. Alihesabu mtu akimweleza kwamba mota imeungua. Ungemwambia paa linawaka moto, angekuomba urudie, maana paa linawaka moto ni mizani nane kamili na huenda angelihitaji mahali.

Aliyembandika jina hilo ni Fundi, na wenzake wakalidaka. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye makovu madogo ya moto kwenye vidole, kwa sababu kazi yake kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa kuchomea nyaya, kukaza skrubu, kufungua mota zilizogoma na kuzifunga tena. Maneno mengi hakuwa nayo. Alikuwa na macho tu, na macho hayo yakikutazama wakati unapiga domo, ungetamani kuwa umenyamaza tangu asubuhi.

Kazi yao kubwa ilikuwa mkono wa kulishia. Ulikuwa mkono wa chuma unaofungwa ukingoni mwa meza, una kijiko cha mpira mbele na kamera ndogo juu ya kifundo. Mlaji akifungua mdomo, kamera inaona, kijiko kinachota bakulini na kupanda taratibu, na kikigusa mdomo kinainama. Mlaji akifunga mdomo, mkono unangoja. Unaweza kungoja mpaka kesho, maana hauna hasira wala shughuli nyingine.

Kungoja huko ndiko Fundi alikokutaka kuliko kitu chochote duniani. Kaka yake mkubwa alikuwa mchora mabango. Nusu ya majina ya maduka ya mji ule yalitoka mkononi mwake, hadi siku ngazi ilipoteleza na yeye akaangukia shingo. Miguu ilirudi, kwa kusuasua. Mikono haikuinuka tena. Mwaka wa nne sasa alikuwa akilishwa, asubuhi na jioni na Fundi, mchana na mama jirani, na Fundi alijua fika kwamba anamlisha vibaya. Kijiko chake kilifika mapema mno kwa sababu alikuwa anachelewa kazini, au kilichelewa kwa sababu mawazo yalikuwa kwenye mota. Kaka alimeza bila kulalamika. Jambo moja tu lilimshinda: kula mbele ya mgeni. Mtu akibisha hodi, sahani inafunikwa, na kaka anasema ameshashiba, hata kama ndiyo kwanza amepata vijiko viwili.

Siku ya kwanza alipoletwa karakanani kuujaribu mkono, alikula bakuli zima la uji kwa dakika arobaini. Katikati alisimama kusimulia kisa cha mwenye duka aliyetaka jina lake liandikwe kubwa kuliko duka lenyewe, na mkono ukamngoja amalize. Bakuli lilipoisha alisema, "Kumbe uji una ladha." Fundi alikwenda nyuma ya kabati la vipuri akalia, kisha akarudi kama mtu aliyekwenda kutafuta bisibisi.

Basi kamati ya chuo ilikubali mkono ukakae nyumbani kwa kaka mwaka mzima, kwa majaribio. Ilibaki sahihi ya mtafiti mkuu kwenye fomu, na mtafiti mkuu ni Vidole.

Haki yake apewe. Kulikuwa na wakati Vidole alikuwa mtu wa kazi. Sehemu ya mkono inayotambua mdomo aliiunda yeye, na ilikuwa kazi safi ambayo wenzake wa vyuo vingine walikuja kuitazama. Mwaka wa kwanza alikuwa akijifunga mikono kwa mkanda na kulishwa na mkono huo yeye mwenyewe, ili ajue hofu ya mtu anayeletewa kijiko na chuma. Wakati huo Fundi alimheshimu, tena alimtetea kwa waliosema ana maringo. Ndiyo maana baadaye dharau yake ilikuwa kali kuliko ya wengine. Asiyejua kazi unamhurumia. Huyu alikuwa anajua.

Kilichomharibu ni makofi. Alisoma shairi kwenye sherehe ya kumuaga mhasibu aliyestaafu, shairi la kawaida tu, watu wakasimama kumpigia makofi kwa sababu chakula kilikuwa kimechelewa na walikuwa na nafasi. Makofi yakamwingia kichwani, yakajenga humo. Tangu hapo hakuna kikao kilichofunguliwa bila beti. Baadaye akaanza kuutaka udiwani wa aina zote mbili, wa kitabu na wa baraza la mji. Karatasi za kampeni zikajaa juu ya meza ya vipimo, na kofia zenye sura yake zikawekwa ndani ya kabati la vipuri, Fundi akitafuta mkanda wa mota anakutana na Mheshimiwa mtarajiwa akimchekea.

Sasa, siku moja kaka alikuwa mezani anakula, na mama wa usafi akapita nyuma yake na ndoo. Alikuwa amechoka. Akapiga mwayo, mwayo wa haja, na mkono ukamwacha kaka mdomo wazi, ukapita pembeni ya sikio lake, ukanyooka kumpelekea mama wa usafi kijiko cha uji. Wote watatu walicheka mpaka machozi. Kisha Fundi aliacha kucheka, akauzima mkono, akakaa kufikiri.

Hitilafu ilikuwa wazi. Siku zote mle ndani mbele ya kamera kulikuwa na uso mmoja, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba mkono haumjui mlaji wake. Ulikuwa unatafuta mdomo uliofunguka zaidi, basi. Yeyote mwenye mdomo mpana kuliko wenzake, huyo kwake ndiye mwenye njaa.

Karakana ile ilikuwa na daftari la hitilafu, na utaratibu wake haukuwa na mjadala: anayeona kosa analiandika na tarehe, na anayehusika akilisoma anaandika chini yake "Nimeona". Fundi aliandika: Mkono unafuata mdomo uliofunguka zaidi, hata kama si wa mlaji. Urekebishwe kabla haujatoka nje ya karakana. Akalipeleka daftari mezani kwa Vidole, maana sehemu ile ya macho ilikuwa imefungwa kwa neno la siri, na neno hilo lilikuwa kichwani mwa Vidole peke yake. Vidole alisema ni kazi ya siku mbili na kwamba ataifanya wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika akaipiga kalenda. Iliyofuata, hivyo hivyo.

Alichokifanya kwa upesi ni kutunga shairi kuhusu mama wa usafi. Ndani ya shairi mama huyo alikuwa amekonda, ana njaa ya siku tatu, anaunyooshea mkono wa chuma mdomo wake mkavu. Lilisomwa kwenye mkutano wa kampeni na watu wakafuta machozi. Mwenyewe aliposimuliwa alikasirika sana. Alisema asubuhi ile alikuwa amekunywa chai na vipande vitatu vya mkate, na kama Daktari anataka mtu wa kumtangaza njaa akamtangaze mkewe.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi Vidole alikuja kwenye meza ya Fundi akiwa na tabasamu la mtu anayekuja kuomba kitu huku akijifanya anakigawa.

"Jumamosi mlete kaka na mkono uwanjani," alisema. "Ale mbele ya watu dakika kumi tu. Jumatatu naweka sahihi, mkono unakwenda kwenu."

"Kaka hali mbele ya watu, Daktari."

"Mwambie ni kwa ajili ya wenzake wote."

"Na ile hitilafu?"

"Dada yangu," alisema Vidole, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwita dada, "mbona wewe huna imani?"

Fundi alimeza maneno yake yote, moja moja, kwa ajili ya ile sahihi. Jioni alimweleza kaka huku anamlisha. Kaka alitafuna muda mrefu akitazama ukuta. Mwishowe aliuliza kama kutakuwa na uji wa kweli au atalishwa mashairi, na Fundi akajua amekubali. Usoni kaka alikuwa anacheka. Chakula chote kilichobaki hakukigusa.

Uwanja ulikuwa karibu na soko, na viti vya plastiki vilikuwa vimejaa kabla ya saa nne. Fundi alifunga mkono kwenye meza jukwaani, akaujaribu mara sita. Kulikuwa na bango la kusimama, refu kuliko mtu, lenye uso wa Vidole akisoma shairi, mdomo umeachama kama beseni. Fundi alilibeba mwenyewe akaliweka nyuma kabisa ya kamera, mahali ambapo mkono usingeliona. Kaka, aliyekaa mezani na shati lililopigwa pasi, alilitazama likipita kwa jicho la mtu wa kazi. Alisema mdomo umezidi, macho yamekufa, na aliyelitengeneza hakuwahi kushika brashi.

Watu walipoanza kupiga picha, mpambe wa Vidole alilichukua bango akalisimamisha nyuma ya bega la kaka. Fundi alimfuata Vidole pembeni ya jukwaa, akamwambia liondolewe, akamkumbusha mama wa usafi na mwayo wake. Vidole alikuwa anahesabu kwenye paja. Alijibu kwamba picha bila uso wake itakuwa picha ya uji tu, kisha akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akaanza:

Mkono wangu wa chuma, utawalisha wanyonge,
Nimeuunda kwa wema, si wa kunyang'anya tonge.

Kaka alifungua mdomo. Mbele ya uwanja mzima, yeye aliyefunikiwa sahani miaka minne, alifungua mdomo na kungoja. Kijiko kilichota, kikapanda taratibu, kikafika usawa wa shavu lake, kikaendelea na safari. Kikagonga bango katikati ya mdomo wa Mheshimiwa na kuinama kwa adabu. Uji ukateremka kidevuni, ukafika kwenye tai. Mkono ukarudi bakulini kuchota mwingine.

Uwanja uliangua kicheko. Cha pili na cha tatu vilikwenda kule kule, na kaka alikuwa bado ameachama, kwa sababu alikuwa ameahidi dakika kumi. Fundi hakuweza kulivumilia hilo. Alivua mtandio wake, akapanda jukwaani, akaufunga kwenye bango kuanzia puani hadi shingoni. Mkono ulisita. Kamera ikapepesa huku na huku, ikamwona kaka, na kijiko kikamjia.

Akala. Vijiko vitano, sita, bila haraka, na kicheko kikafa chenyewe. Mama mmoja wa viti vya mbele alimwambia mwenzake, tena kwa sauti ya chini, "Anakula mwenyewe, ona." Palikuwa kimya kiasi kwamba mlio mdogo wa mota ulisikika hadi nyuma. Kama Vidole angenyamaza tu pale, angetoka na heshima ambayo hakuifanyia kazi.

Lakini Vidole alikuwa anawatazama wapiga picha. Walikuwa wanampiga picha mlaji na mkono, na nyuma yao uso wake umefungwa mtandio kama mgonjwa wa jino. Akaenda kwenye bango, akaushika mtandio kwa vidole viwili, akauvuta. Kijiko kilikuwa kimebakiza upana wa ukucha kufika mdomoni mwa kaka. Kikasimama, kikageuka, kikamwendea mwenye mdomo mpana.

Kaka alifunga mdomo. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti kilichowekwa ili mwishoni atoe shukrani, naye akainamisha kichwa kukifikia.

"Mlisheni huyo kwanza," alisema. "Huyo ndiye ana njaa."

Fundi akabonyeza kitufe chekundu, mkono ukatulia hewani. Kicheko cha safari hii hakikuwa cha kufurahi. Vidole naye alicheka, kwa nguvu kuliko wote, kisha akaendelea na ubeti wa tatu.

Jumatatu sahihi haikuwekwa. Badala yake Vidole aliandikia kamati barua ya kurasa mbili: mkono ni hatari, umefanya vile kwa uzembe wa fundi aliyeufunga vibaya, yeye hakuwahi kuarifiwa kasoro yoyote, na anashauri ufungiwe stoo. Fundi aliisoma amesimama. Hakuona uchungu kwa ajili ya jina lake. Aliona bakuli, na kijiko chake mwenyewe kinachofika mapema, miaka mingine minne, miaka kumi, na akahisi chuki ya wazi kabisa, isiyo na aibu.

Kamati ilikaa Alhamisi. Mwenyekiti wake alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye miwani ya kamba, ambaye amewahi kusikia uongo wa kila aina kutoka kwa madaktari wa kila aina. Fundi hakujitetea. Aliliweka daftari la hitilafu mezani, akalifungua kwenye ukurasa wa mama wa usafi, akarudi kukaa. Mwenyekiti alisoma maelezo na tarehe. Chini yake, kwa wino wa kijani, palikuwa na neno "Nimeona". Chini ya neno hilo, kwa wino ule ule, palikuwa na mistari miwili yenye nukta ndogo juu ya kila silabi.

Vidole alisema wino wa kijani si wake peke yake, mtu yeyote anaweza kuandika neno moja. Mwenyekiti akanyanyua daftari karibu na miwani na kuanza kuisoma ile mistari kwa sauti, kama anavyosomewa mtu majibu ya choo: mkono wangu wa chuma utawalisha wanyonge nimeuunda kwa wema si wa kunyang'anya tonge.

Vidole alijipinda kwenye kiti. Alijizuia. Kila mtu aliona jinsi alivyojizuia, na jinsi alivyoshindwa.

"Samahani, mama," alisema. "Hapo umekosea. Kuna kituo baada ya chuma."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. "Ahaa," alisema. "Basi ni yako."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliomba fomu, akaitia sahihi kwa niaba ya kamati, kisha akasukuma kipande cha karatasi mbele ya Vidole na kumwambia aandike lile neno la siri. Aliliandika. Lilikuwa jina lake mwenyewe, na mbele yake Mheshimiwa.

Jumapili alishinda. Hilo lazima lisemwe, maana ndivyo ilivyokuwa. Watu walimcheka Jumamosi na kumpigia kura siku nane baadaye, wengine wakisema angalau huyu wamekwisha kumwona anavyokula. Akaacha karakana bila kuaga, akaingia kwenye baraza, na inasemekana hoja yake ya kwanza ilikuwa ya beti kumi na mbili kuhusu mitaro, ambayo mpaka leo haijazibuliwa.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta siku moja baada ya kazi, peke yake, na kuufundisha mkono uso wa mlaji wake kwanza ndipo utafute mdomo. Alikuwa amejitayarisha kwa siku mbili. Ilimchukua saa tatu, pamoja na muda wa chai. Alipomaliza alikaa akiangalia saa ya ukutani, na dharau yake kwa mtu yule, ambayo alidhani imefika mwisho, ikaongezeka.

Asubuhi ya kwanza nyumbani alifunga mkono kwenye meza ya chakula. Kaka alimwomba kitu kimoja kabla hawajaanza: lile bango. Kampeni zilikuwa zimekwisha na lilikuwa limetupwa nyuma ya uwanja, doa la uji limekauka kwenye tai. Fundi alikwenda akalibeba, akalisimamisha nyuma ya bega la kaka, mahali pale pale. Mdomo umeachama kama beseni. Kaka akafungua wake, ambao si mkubwa, na kijiko kikamjia moja kwa moja. Cha pili pia. Mheshimiwa aliendelea kuachama na hakupata hata tone.

Walikuwa katikati ya bakuli mlango ulipobishwa hodi. Alikuwa mama jirani, amezoea kuja kuuliza kama mchana atahitajika, na leo alikuwa ameongozana na mgeni. Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye kifuniko, kwa mazoea ya miaka minne.

"Acha," alisema kaka. Akameza, akageuza uso kuelekea mlangoni. "Karibuni, mama. Piteni ndani, tunakula."